Maswali ya Wasomaji: Mtunzi wa Riwaya Aliyeingia Bungeni kupitia Sunderland

Katika toleo lililopita, nilipokuwa nikimjibu msomaji wa Kiembesamaki aliyetaka kujua kwa nini watunzi wetu wa riwaya hawajitokezi kugombea, nilimtaja kwa mstari mmoja tu Chris Mullin, Mwingereza aliyekuwa mwandishi wa habari, akatunga riwaya, kisha akakaa Bungeni miaka 23. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala nzima niliyoandika kuhusu mavuno ya karafuu. Kwa kuwa barua tano kati ya hizo zinaingiliana, nimeonelea ukurasa wote wa mwezi huu niuweke kwa mtu huyo mmoja. Barua nimezifupisha bila ya kuzigeuza maana.

*

Mhariri, asalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli ya sekondari hapa Wete. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanabishana: wapo wanaosema kuwa anayetunga hadithi hana sifa ya kuaminiwa na wapigakura kwa sababu kazi yake ni kuzua, na wapo wanaosema kuwa huyo ndiye anayefaa zaidi. Huyo Mullin alianzia wapi, alifikaje Bungeni, na riwaya yake ilimfaa au ilimponza?

Wa alaikumu salamu, Maalim. Alizaliwa tarehe 12 Disemba 1947 katika mji wa Chelmsford, Essex, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Hull, lakini uwakili hakuufanya. Alijiunga na mafunzo ya uandishi wa habari ya kampuni ya magazeti ya Mirror, na siasa hakuisubiri mpaka apate mvi. Mwaka 1970, akiwa na miaka 22, chama cha Labour kilimsimamisha katika jimbo la North Devon dhidi ya Jeremy Thorpe, ambaye wakati huo ndiye kiongozi wa chama cha Liberal. Alishindwa, kama ilivyotarajiwa na kila mtu, pengine na yeye mwenyewe. Februari 1974 alijaribu tena Kingston upon Thames, jimbo jengine ambalo kwa Labour lilikuwa jabali, akashindwa mara ya pili.

Waambie wanafunzi wako kwamba baina ya kushindwa huko na kushinda kwake ilipita miaka 13, na kwamba hiyo ndiyo miaka iliyomjenga. Alizunguka Asia akiandika habari, hasa Vietnam katika miaka ya vita. Alihariri habari katika Idhaa ya Dunia ya BBC, kwenye jengo lile lile la Bush House ambamo matangazo ya Kiswahili tuliyokuwa tukiyasikiliza barazani kila jioni yalikuwa yakitokea. Alikuwa karibu sana na Tony Benn, kiongozi wa mrengo wa kushoto wa Labour, akamhariria vitabu viwili vya hoja zake za kisiasa. Mwaka 1982 akapewa uhariri wa Tribune, gazeti la kila wiki la mrengo huo lililoanzishwa mwaka 1937, ambalo George Orwell aliwahi kuwa mhariri wake wa fasihi, akakaa hapo mpaka mwaka 1984.

Mwaka huo huo wa 1982 ndipo ilipotoka riwaya yake ya kwanza, A Very British Coup, jina ambalo kwa lugha yetu tungeweza kusema Mapinduzi ya Kiingereza Hasa. Mbegu yake ilipandwa katika mazungumzo ya wanachama waliokuwa wakirudi na treni kutoka mkutano wa Labour mjini Blackpool mwaka 1980, wakijiuliza nini kingefanyika lau kiongozi wa mrengo wao angeshinda uchaguzi na kuwa Waziri Mkuu. Mullin akaligeuza swali hilo kuwa hadithi. Harry Perkins, fundi wa kiwanda cha chuma kutoka Sheffield, anakishindia chama chake uchaguzi akiwa na ahadi za kuziondoa kambi za kijeshi za Wamarekani, kuachana na silaha za nyuklia na kuuvunja ukiritimba wa wenye magazeti. Halipigwi risasi hata moja. Wenye magazeti, makatibu wakuu wa wizara, mabenki, Wamarekani na idara ya usalama wa ndani, MI5, kila mmoja anasukuma kidogo upande wake, mpaka uhusiano wa zamani wa Perkins na mwanamke mmoja unafukuliwa na kugeuzwa kitanzi, naye analazimika kujiuzulu huku wananchi wakiambiwa kuwa ni afya yake iliyodhoofika.

Kwa ladha yangu, wahusika wake ni wepesi. Perkins tunamjua, wengine wanapita kama abiria wa daladala. Nguvu ya kitabu imo katika namna mtunzi alivyozijua taasisi anazozieleza: nani anampigia nani simu, waraka gani unacheleweshwa kwa makusudi, na habari ipi inavujishwa kwa mwandishi gani. Hayo hayatoki katika ndoto, yanatoka katika miaka ya kukaa kwenye vyumba vya habari. Humo mna jambo moja ambalo wanafunzi wako wanaosema kuwa mtunzi huzua tu wanafaa kulisikia. Katika riwaya, MI5 inapandikiza shushushu wake ndani ya uongozi wa jumuiya inayopinga silaha za nyuklia, na wakati kitabu kinatoka wapo waliosema kuwa hayo ni mawazo ya mtu mwenye wasiwasi uliopita kiasi. Mwaka 1985, Cathy Massiter, aliyekuwa ofisa wa MI5, alieleza kwenye televisheni kwamba idara yake ilikuwa kweli ikiipeleleza jumuiya hiyo. Mwaka huo huo ikagundulika kwamba watu walioomba kazi BBC walikuwa wakichunguzwa na idara hiyo kwa siri. Miaka miwili baadaye Peter Wright, mstaafu wa idara hiyo hiyo, akachapisha kumbukumbu zake, zilizosimulia njama za kumchimba Waziri Mkuu Harold Wilson. Kilichobuniwa kilitangulia, habari ikafuata nyuma.

Sasa, ilimfaa au ilimponza? Yote mawili, na kwa watu tafauti. Kwa wanachama wa kawaida wa mrengo wa kushoto, ambao ndio wanaoteua mgombea, ilimpa jina. Kwa magazeti na kwa viongozi wa juu wa Labour, ambao miaka ile walikuwa wakikivuta chama kuelekea kati, ilimtia alama ya mtu wa Benn ambayo haikumtoka kwa muda mrefu. Mwaka 1987 alichaguliwa mbunge wa Sunderland South, kaskazini mashariki ya Uingereza, katika mji uliokuwa ukiishi kwa kuunda meli na kuchimba makaa ya mawe. Viwanda vya mwisho vya meli vilifungwa mwaka uliofuata, na mgodi wa Wearmouth ukafungwa mwaka 1993, kwa hiyo mbunge huyu mpya alianza kazi katika mji uliokuwa ukipoteza kila ulichokijua. Mwaka 1988 riwaya ikatolewa katika televisheni ya Channel 4 kwa sehemu tatu, Ray McAnally akiigiza kama Perkins, na mwisho wa kisa ukabadilishwa. Wengi wanaokitaja kitabu hicho leo kwa hakika waliona mchezo, hawakusoma.

Nikiwa hapo hapo Sunderland, niongeze jambo ambalo litamchekesha msomaji wa Zanzibar anayejua tunavyokesha tukisubiri matokeo. Watu wa Sunderland waliifanya kazi ya kuhesabu kura kuwa mashindano, wakipokezana masanduku mbio mbio, na katika chaguzi kuu za 1992, 1997, 2001 na 2005 jimbo la Mullin ndilo lililokuwa la kwanza nchi nzima kutangaza. Vituo vinafungwa saa 4 usiku. Mara nyingi kabla ya saa 5 mbunge ameshajijua.

*

Mhariri, mimi nilikuwa karani wa mahakama hapa Unguja mpaka nilipostaafu. Nakumbuka mwaka 1991 tulisikia redioni kwamba wafungwa sita wa Birmingham wameachiwa, na jina la mbunge huyu likatajwa. Linanitatiza. Mbunge hana mamlaka juu ya hukumu ya mahakama, aliwatoaje? — Mzee wa Mkunazini

Mzee wangu, swali lako ni la mtu aliyekaa karibu na majalada, na una haki ya kutatizika. Hakuwatoa kwa ubunge. Kazi hiyo aliianza kabla ya kuwa mbunge, na aliianza kama mwandishi wa habari.

Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yaliripuka katika baa mbili za mji wa Birmingham yakaua watu 21. Ilikuwa kazi ya Jeshi la Jamhuri ya Ireland, IRA, kundi la silaha lililokuwa likiupinga utawala wa Uingereza katika Ireland Kaskazini. Usiku ule ule polisi waliwakamata watu watano wenye asili ya Ireland Kaskazini katika bandari ya Heysham, wakisubiri meli ya kwenda Belfast kwenye mazishi, na wa sita akakamatwa Birmingham. Agosti 1975 wote walihukumiwa kifungo cha maisha. Ushahidi ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, maungamo ambayo wanne kati yao walitia saini baada ya kupigwa. Pili, kipimo cha kikemia cha mikononi, ambacho mtaalamu wa serikali alisema kimeonyesha kuwa baadhi yao walishika baruti ya nitrogliserini.

Mullin alikwenda kuifanyia kazi kesi hiyo kwa ajili ya kipindi cha uchunguzi cha World in Action, cha televisheni ya Granada, kilichorushwa mwaka 1985. Hapo ndipo kipimo kile kilipoanza kuvunjika. Wanakemia walioulizwa na kipindi walionyesha kwamba jibu lile lile linaweza kutolewa na vitu vya kawaida vyenye nitroselulosi, na miongoni mwa vitu hivyo ni karata. Wale watano, ndani ya treni iliyowapeleka Heysham, walikuwa wakicheza karata. Fikiri, Mzee, kila anayekaa katika baraza zetu baada ya alasiri angeweza kupimwa mikono akaonekana mripuaji.

Mwaka 1986 akatoa kitabu, Error of Judgement, na humo alipiga hatua ambayo waandishi wachache wangethubutu: aliwatafuta waliotega mabomu hasa, huko Ireland, akazungumza nao. Nitarudi kwenye jambo hilo katika barua ya mwisho, kwa sababu lilimfuata mpaka uzeeni.

Njia ya kisheria ilikuwa kama unavyoijua. Mahakama haiwezi kuamrishwa, lakini kwa sheria ya wakati ule Waziri wa Mambo ya Ndani aliweza kuirudisha kesi katika Mahakama ya Rufaa pakitokea ushahidi mpya. Januari 1987 Waziri Douglas Hurd, wa chama cha Conservative, aliirudisha. Hurd naye, hili halisemwi sana, ni mtunzi wa riwaya za kisiasa, kwa hiyo mtunzi mmoja alimpelekea shauri mtunzi mwenziwe wa chama pinzani. Rufaa ilisikilizwa, na Januari 1988 majaji wakaitupa, wakieleza kwamba kadiri walivyoendelea kuisikiliza ndivyo walivyozidi kuamini kuwa hukumu ya mwanzo ilikuwa sahihi. Mullin wakati huo ameshakuwa mbunge, na magazeti ya udaku yakamwandama kwa kuwatetea watu ambao taifa lilikwisha kuwaita wauaji.

Lililokuwa zito zaidi kuliko magazeti ni namna majaji wenyewe walivyolitazama jambo. Mwaka 1980, wafungwa wale walipotaka kuwashitaki polisi waliowapiga, Jaji Denning aliizuia kesi yao isiendelee, na hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa hii: wakishinda, itabidi tukubali kwamba polisi walidanganya chini ya kiapo na kwamba waliwatesa watu, na hilo ni jambo la kutisha mno kulikubali. Maana yake, ilikuwa afadhali watu sita wabaki ndani kuliko mahakama ione aibu. Sijapata kusoma sentensi ya jaji iliyonisikitisha zaidi, na naisema hivyo nikijua kwamba Denning alikuwa jaji mkubwa katika mambo mengine.

Baada ya hapo kazi ya Mullin ilikuwa ya kurudia na kurudia: maswali Bungeni, barua, makala, mikutano na familia. Mwaka 1990 Granada ilitoa mchezo kuhusu uchunguzi wenyewe, John Hurt akiigiza kama Mullin. Polisi wa mkoa mwengine walioteuliwa kuipitia kesi waligundua, kwa kifaa kinachosoma alama zinazobaki kwenye karatasi ya chini baada ya kuandikwa ile ya juu, kwamba kumbukumbu za mahojiano zilikuwa zimechezewa. Tarehe 14 Machi 1991 watu wale sita walitoka nje ya Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, wakiwa huru, baada ya miaka 16, na Mullin amesimama katikati yao kwenye picha. Siku hiyo hiyo serikali ilitangaza tume ya kuuchunguza mfumo mzima wa sheria za jinai, na kutokana nayo ikazaliwa tume ya kudumu ya kuzipitia hukumu zenye shaka, iliyoanza kazi mwaka 1997. Jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya kisiasa ya mbunge huyu alilifanya akiwa katika viti vya nyuma, upande wa upinzani, bila ya wadhifa wowote.

*

Kaka Mhariri, nasoma uhusiano wa kimataifa hapa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Nimeona mahali kwamba Mullin alikuwa waziri wa Uingereza wa masuala ya Afrika. Kama ni kweli, aliifanyia nini Afrika? Mbona hatukumsikia?

Mdogo wangu, ni kweli, na kutomsikia kwako ndiyo sehemu kubwa ya jibu. Chini ya Waziri Mkuu Tony Blair alishika nyadhifa ndogo mara tatu. Mwaka 1999 aliacha uenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Ndani, ambapo alikuwa ameanza kutikisa vigogo, ikiwamo kudai kwamba polisi na majaji walio wanachama wa Freemason, jumuiya ya siri, wajitangaze, akaingia katika wizara ya mazingira na uchukuzi. Kutoka huko alipelekwa kwa muda mfupi katika wizara ya maendeleo ya kimataifa. Mwaka 2001 akatoka serikalini na kurudi kwenye kamati yake. Machi 2003 alipiga kura dhidi ya serikali ya chama chake kuhusu vita vya Iraq, na miezi mitatu baadaye Blair, kwa mshangao wa wengi, akamteua waziri mdogo wa Mambo ya Nje anayeshughulikia Afrika. Alikaa hapo mpaka baada ya uchaguzi wa Mei 2005, akaondolewa.

Waziri mdogo, katika mfumo wao, yuko chini ya waziri wa nchi ambaye naye yuko chini ya Waziri wa Mambo ya Nje. Anasaini barua, anapokea mabalozi, anajibu maswali Bungeni kwa majibu yaliyoandikwa na wengine, na anapelekwa kwenye sherehe ambazo mkubwa wake hana nafasi ya kuhudhuria. Miaka yake miwili iliangukia wakati vita vya Darfur vikiwaka huku mazungumzo ya Kaskazini na Kusini ya Sudan yakiendelea Kenya, yaliyozaa mkataba wa amani wa Januari 2005. Alihangaika na mafaili hayo kwa dhati. Kusema kwamba mkataba ule ni kazi yake lakini itakuwa ni kumvisha kanzu isiyo yake.

Tukio moja la wakati huo lingefaa kuwemo katika riwaya. Machi 2004 ndege iliyobeba mamluki ilikamatwa Harare, ikiwa njiani kwenda kuipindua serikali ya Guinea ya Ikweta, na kiongozi wao, Simon Mann, alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza. Baadaye serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa imepata taarifa za njama hiyo wiki kadhaa kabla. Na waziri mwenye dhamana ya Afrika katika ofisi ile alikuwa nani? Ni yule yule aliyeandika, miaka 22 nyuma, kitabu juu ya mapinduzi na juu ya maofisa wanaojua mambo mapema wakanyamaza.

Alipata faida yake kwa njia nyengine. Tangu zamani alikuwa akiandika shajara, na mwaka 2009 akachapisha juzuu la kwanza, A View from the Foothills, lenye miaka yake ya uwaziri mdogo. Jina lenyewe ni kicheko: anautazama mlima wa madaraka akiwa kwenye vilima vya chini. Humo anasimulia jinsi alivyopigana na wizara ili asipewe gari ya serikali kwa kuwa alikuwa radhi kwenda kazini kwa basi, na jinsi ilivyokuwa kazi ngumu kulikataa gari kuliko kulipata. Blair humwita The Man, yaani Bwana Mkubwa, naye hamchukii. Yalifuata majuzuu mawili, na mwaka 2011 shajara hizo zikafanywa mchezo wa jukwaani huko Newcastle. Ukitaka kujua serikali inavyofanya kazi chini ya ngazi ya vichwa vya habari, soma hizo kabla ya vitabu vya wakubwa waliojitetea.

Mwaka huo wa 2009 ndipo ulipotokea msiba wa wabunge wa Uingereza, pale madai yao ya posho yalipoanikwa gazetini, na ikaonekana wapo waliolipiwa na umma usafishaji wa handaki la kasri. Kwa Mullin kilichowashangaza watu ni televisheni yake: ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Sisi Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyengine yoyote ya Afrika kusini mwa Sahara, kwa hiyo babu yako wa Ng'ambo aliyekuwa akitazama kwenye ukumbi wa mtaa alimpita mheshimiwa huyu kwa zaidi ya miaka 30.

*

Swali fupi tu, Mhariri: huyu ni wa pekee, au Waingereza wana desturi hiyo? — Bi mkubwa wa Chake Chake

Bi mkubwa, si wa pekee hata kidogo. Benjamin Disraeli alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1826, mwaka mmoja baada ya kujitia katika mradi wa gazeti uliofilisika, kisha akawa Waziri Mkuu mara mbili. Seyyid Barghash alipozuru London mwaka 1875, serikali iliyompokea ilikuwa inaongozwa na mtunzi wa riwaya. John Buchan, aliyeandika riwaya za ujasusi na kufanya kazi magazetini, aliingia Bungeni mwaka 1927 na akamalizikia kuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Hata Churchill, aliyeanza kujulikana kama mwandishi wa habari wa vita, ana riwaya moja. Waliowahi kuisoma hawamshauri mtu.

Kwetu visiwani, kati ya uandishi wa habari, utunzi wa riwaya na siasa, tulipata watu wenye viwili viwili, mwenye vitatu kwa pamoja simkumbuki. Zama za Siasa, miaka ya ushindani wa vyama kabla ya Mapinduzi ya 1964, zilikuwa na wahariri waliokuwa wanasiasa, Abdulrahman Babu na ZaNews, Ali Muhsin na Mwongozi. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa, alikuwa mhariri wa magazeti na mtunzi wa riwaya, na majukwaa ya kampeni akawaachia wenyewe.

*

Mhariri, mimi ni ripota kijana wa redio ya jamii huku Pemba. Nimesikia kwamba Mullin alipelekwa mahakamani uzeeni kwa kukataa kumtaja mtu aliyemwambia siri. Ilikuwaje, alifungwa, na wewe unamwona yuko sawa?

Mwanangu, hapa ndipo niliposema nitarudi. Ili waliotega mabomu ya Birmingham wazungumze naye katika miaka ya 1980, Mullin aliwaahidi kwamba hatawataja. Mmoja wao alimsimulia kazi yote. Bila ya simulizi hiyo asingekuwa na uhakika kwamba sita waliofungwa si wao, na uhakika huo ndio uliombeba katika miaka yote ya kutukanwa. Waliofariki baadaye, aliwataja baadhi yao, kwa kuona kwamba ahadi ilikuwa kwa walio hai. Aliyebaki hai hakumtaja.

Jamaa wa watu 21 waliouawa hawakuridhika, na ni vigumu kuwalaumu. Kwao, mtu anamjua aliyemuua mtoto wao na anakaa kimya kwa ajili ya kanuni ya kazi. Polisi wa West Midlands, kikosi kile kile ambacho mwaka 1974 kiliwapiga na kuwafunga wasiohusika, walifungua upya uchunguzi na kuomba mahakama imlazimishe Mullin, kwa sheria ya ugaidi, kukabidhi maandishi yake. Alikuwa na miaka 74, ameshaacha ubunge tangu 2010, na miaka mitatu kabla alikuwa ametoa riwaya ya kumfuatia Harry Perkins.

Unauliza kama nauona uamuzi wake ni sawa. Naona ni sawa, na naona uchungu wa wale jamaa ni haki yao, na sina namna ya kuyapatanisha haya mawili. Ila nakuomba uzingatie mpangilio wa mambo. Laiti angevunja ahadi mwaka 1986, mashahidi wengine wasingefungua mdomo, kitabu kisingekamilika, na watu sita pengine wangefia gerezani kwa kosa la kucheza karata. Na wewe, kabla hujambonyezea mtu kinasa sauti na kumwambia kuwa jina lake halitotoka, jua kwamba hujui ahadi hiyo utaulizwa na nani wala mwaka gani.

Hakufungwa. Machi 2022 Jaji Mark Lucraft alilikataa ombi la polisi, akieleza kwamba hakuona maslahi ya umma yenye uzito wa kuishinda haki ya mwandishi kumlinda aliyempa habari. Uamuzi huo ulitolewa Old Bailey, katika mahakama ile ile ambayo nje ya mlango wake, miaka 31 kabla, Mullin alipigwa picha na wale sita.